Barazani Mbwawa: Mto Hauoni Haya

Majuma mawili yaliyopita, jua la Jumamosi lilipokwisha kupoa, walifika nyumbani kwangu hapa Mbwawa vijana wanane, wote wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Kibaha. Mmoja wao ni mwanangu wa tatu. Waliketi mkekani chini ya mwembe, wakaniamkia, wakanywa maji, na kisha mtunza fedha wao, binti mpole lakini mwenye hesabu kali, akafungua daftari. Alinieleza kwamba kwa miezi kumi na minne wamekuwa wakiweka akiba ya pamoja kila wapokeapo mshahara, na kwamba fedha hizo sasa zinatosha safari moja ya likizo. Wenzao wa zamu nyingine walikwenda Bagamoyo kuogelea na kula samaki. Hawa hawakuitaka Bagamoyo. Walitaka kuteremka mto wenye maji ya kasi, ndani ya mashua ya mpira, katikati ya korongo lenye kuta za mawe pande zote mbili.

"Mzee," akasema mmoja wao, "tumeshindwa kukubaliana twende mto gani. Tumekuja utuchagulie."

Nilitaka kucheka, kwa maana mimi ni mtu wa jembe na kalamu, na safari yangu kubwa ya majini ni ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ambayo niliimaliza nikiwa nimeinamia ndoo. Hata hivyo sikucheka. Kijana anayekuja kuuliza kabla ya kutenda hapaswi kuchekwa. Niliwaomba juma moja nisome na kuulizia kwa wanaojua. Haya ndiyo niliyowaambia waliporudi, nami nayaandika hapa kwa kuwa naamini wako wafanyakazi wengine wenye daftari kama lile.

Korongo la jangwani

Chanzo cha mapenzi yao kilikuwa picha. Mwenye simu kubwa alinionyesha: kuta nyekundu zilizopanda hadi mbinguni, na chini kabisa mashua ndogo kama korosho iliyoanguka mferejini. Hilo ni korongo la mto Colorado huko Marekani, liitwalo Grand Canyon. Urefu wake ni kilometa 446 kwa kuufuata mto, na kina chake mahali pengine huzidi meta 1,600. Nchi yenyewe ni jangwa. Wakati wa kiangazi joto la chini ya korongo hupita nyuzi 40, lakini maji ya mto ni baridi ya kutetemesha, kwa sababu hutoka katika kina cha ziwa lililo nyuma ya bwawa la Glen Canyon, lililofungwa mwaka 1963. Basi msafiri huchomwa na jua kichwani na kugandishwa na maji miguuni, katika saa ile ile.

Watu hulishuka korongo hilo kwa namna kadha. Wako wanaopanda mashua kubwa za injini na kumaliza katika muda wa juma moja hivi. Wako wanaokwenda kwa makasia, na hao huweza kutumia majuma mawili au zaidi, wakilala juu ya mchanga kando ya mto. Aidha wako wanaokwenda nusu ya njia tu, kisha wakatoka kwa miguu, wakipanda njia ya mlimani ya kilometa 15 hivi chini ya jua la jangwa. Niliwaambia vijana walitazame jambo hilo la mwisho kwa makini. Hata aliyechagua safari fupi hatoki kwa kushuka kituoni kama mtu aliyefika Mlandizi kwa basi. Hutoka kwa jasho.

Katika kusoma nilikutana na habari ya mtu aitwaye John Wesley Powell, aliyekuwa na mkono mmoja, maana mwingine aliupoteza vitani mwaka 1862. Tarehe 24 Mei, 1869, Powell na wenzake tisa walianza kuteremka mto Green, ambao huingia katika Colorado, wakiwa na mashua nne. Hawakuwa na ramani ya kutegemea. Katika majuma ya mwanzo mashua moja ilivunjika miambani pamoja na chakula chake, na baadaye mtu mmoja aliaga akaondoka. Walipofika mwisho wa Agosti, chakula kilikuwa karibu kwisha, na mbele yao yalinguruma maporomoko yaliyotisha kuliko yote waliyoyapita. Tarehe 28 Agosti watu watatu walikataa kuendelea. Walipanda ukuta wa korongo ili watafute makazi ya watu, na huko juu wakauawa. Walioendelea na mashua walitoka salama siku mbili baadaye.

Kijana mmoja akasema, "Basi Mzee, wale watatu walikuwa waoga. Wangevumilia siku mbili tu."

Nilimkanya. Wale hawakuwa waoga, kwa maana mwoga hasafiri miezi mitatu ndani ya maji yale. Tatizo lao lilikuwa jingine. Walilazimika kuchagua mahali ambapo uchaguzi mwema ulikuwa umekwisha. Mbele mauti, na juu mauti. Korongo ni nyumba yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na katikati hakuna dirisha. Kwa hiyo uchaguzi wote wa maana hufanywa nje, kabla ya kuingia. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi naongeza kwamba kabla ya kuvua nguo, una ruhusa ya kuyatazama maji kutwa nzima.

Mito iliyo karibu nasi

Colorado, bila shaka, daftari la binti yule lisingeifikisha. Tukarudi kwetu Afrika.

Picha ya korongo kama lile, kwa upande wetu, inapatikana katika mto Zambezi, chini ya maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Huko mto umejichimbia njia katika mwamba mweusi, na kuta zake ni ndefu kiasi kwamba msafiri huteremka kwa miguu asubuhi na kupanda kwa miguu jioni, magoti yakilia. Msafara wa kwanza wa mashua za mpira uliteremka hapo mwaka 1981. Maji yake ni makali sana. Tena Zambezi una majira: maji yanapopungua, kuanzia Agosti hadi Desemba hivi, maporomoko mengi zaidi hupitika, mto unapofurika, katika Aprili na Mei, safari huweza kusimamishwa. Anayepanga likizo yake bila kuuliza majira aweza kufika, akalala hotelini, na kurudi na picha ya mto tu.

Wa pili ni Naili, pale Jinja nchini Uganda, unapotoka katika Ziwa Victoria. Huko hakuna korongo la jangwa. Kingo ni za kijani, zenye migomba na mashamba. Lakini maji ni mengi mwaka mzima kwa sababu ziwa hulisha mto bila kukoma, na ni ya uvuguvugu. Baada ya poromoko moja huja mahali pa maji matulivu, ambapo aliyeanguka huweza kuokotwa na kupumua. Kwa mtu anayeanza, hilo ni jambo kubwa.

Wa tatu ni Tana, mto mrefu wa Kenya, sehemu ya juu karibu na Sagana, mwendo wa kilometa mia moja hivi kutoka Nairobi. Huko maji hupanda na kushuka kwa kufuata mvua za milimani, na hivyo safari ya Mei si safari ya Septemba.

Hapa palizuka hoja nzuri. Mmoja wao alikuwa na karatasi ya zamani yenye orodha ya maporomoko ya Jinja, na akataka wayapite yote. Nilimweleza kwamba karatasi ile imekwisha kuzeeka. Bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954 lilifunika maporomoko ya Ripon. Bwawa la Bujagali lililoanza kazi kamili mwaka 2012 lilifunika mengine. Na la Isimba, lililofunguliwa mwaka 2019, likafunika mengine tena huko chini. Hata sisi wenyewe tumeona hivyo. Korongo la Stiegler katika mto Rufiji, ambalo watalii walikuwa wakipelekwa kulitazama kwa boti, leo limo katika bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 ili kuzalisha umeme wa megawati 2,115. Hatulii kwa hilo, kwa kuwa taa zetu zinawaka. Lakini funzo ni kwamba mto wa kwenye karatasi na mto wa leo huweza kuwa mito miwili. Uliza habari za msimu huu, kwa mtu aliyeingia majini juma hili.

Maswali ya kuuliza

Ndugu msomaji, mimi si mwanamaji, lakini niliowauliza walikubaliana juu ya mambo fulani, nami nayaeleza kama nilivyoyapokea.

Kwanza, daraja la maji. Wanamaji huyapanga maporomoko katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea tu. La tatu lina mawimbi ya kumtosha mgeni kupiga kelele. La tano ni la watu wenye mazoea au wenye kiongozi hodari sana. Na la sita halipaswi kupitiwa na abiria. Mahali penye maji ya namna hiyo, kiongozi mwenye busara huwateremsha watu wakatembea kando ya mto. Basi usiulize tu, "Safari yenu ina maporomoko mangapi?" Uliza pia, "Ni yapi mnayoyakwepa?" Asiyekwepa hata moja, mkwepe wewe.

Pili, aina ya mashua. Iko ile ambayo kila abiria hupewa kafi na wote hupiga maji kwa amri ya kiongozi, na iko ile ambayo kiongozi peke yake hushika makasia marefu nanyi mkashika kamba. Ya kwanza ina furaha zaidi, na hupinduka kwa urahisi zaidi. Tena humo hakuna manahodha wawili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kundi lililozoea kubishana juu ya kila jambo lipande ile ya pili.

Tatu, jaketi la kuokolea maisha na kofia ngumu. Usiridhike kwa kuliona limetundikwa. Livae, likaze mikanda, kisha mwombe mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, hilo si lako, omba jingine. Ukiambiwa hakuna jingine, rudi nyumbani.

Nne, uliza itakuwaje mashua ikipinduka. Anayekujibu kwamba yake haipinduki, hajui kazi au hasemi kweli. Jibu jema lina maelezo: wako watu katika mitumbwi midogo wanaofuatana nanyi ili kuwaokota, iko kamba ya kurushia, na kabla ya kuondoka mtafundishwa majini, palipo patulivu, namna ya kuanguka na kurudi. Aliyeanguka hulala chali, miguu ikitangulia kuelekea maji yaendako, wala hasimami katika maji ya kasi, maana mguu ukinaswa kati ya mawe, mto humlaza mtu kifudifudi na kumshikilia hapo.

Tano, hesabu ya watu. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Tarehe 21 Mei, 1996 ilizama MV Bukoba karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba, 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na Ukara, na zote mbili zilikuwa zimebeba watu kupita kiasi. Waliozikwa ni mamia. Kila chombo kina idadi yake, na mtu wa ziada hana jina jema hata akiwa ndugu.

Sita, mambo madogo yanayosahauliwa. Kwenda Uganda kunahitaji hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Maji ya Ziwa Victoria na Naili yana kichocho, hivyo baada ya safari mwone daktari na umweleze ulikoogelea. Ulizeni pia hospitali iko umbali gani, na kama bei mliyotajiwa imeingiza bima, chakula na gari la kuwarudisha. Binti wa daftari aliyaandika yote hayo, akapigia mstari neno "bei", halafu akaufuta na kulipigia mstari neno "hospitali". Hapo nilijua fedha zao ziko katika mikono salama.

Mto Ruvu

Mwanangu, aliyekuwa kimya muda wote, alisema kwa mzaha, "Baba, kwa nini tusiingie Ruvu tu? Uko hapa hapa, bila nauli."

Ruvu, wasomaji mnaujua. Hutoka katika milima ya Uluguru, hupita Mlandizi, na watu wa Dar es Salaam huunywa kila siku mabombani. Si mto wa mchezo. Una mamba na viboko, na wakati wa masika hubeba magogo mazima. Lakini sikumjibu hivyo. Nilimjibu kwa habari ambayo nyumbani kwangu sijapata kuisimulia.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa nilikuwa na rafiki. Tulikuwa vijana sita tukitoka ngomani, na ilitubidi kuvuka Ruvu kwa mtumbwi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mwenye mtumbwi, mzee wa makamo, alitutazama akauliza, "Nani hajui kuogelea?" Tukanyamaza wote. Palikuwa na wasichana wawili miongoni mwetu. Yule mzee akauliza tena, akasema kwamba asiyejua angemvusha peke yake, safari ya pili, akiwa ameketi katikati. Rafiki yangu akacheka, akasema, "Hapa sote ni samaki." Tukapanda. Katikati ya mto mtumbwi uligonga gogo, ukalala ubavu. Watano tuliushika. Yeye hakuushika. Tulimpata siku ya pili, chini sana ya kivuko.

Mimi nilijua kwamba hajui kuogelea. Tulikuwa tukichunga pamoja tangu utoto, na siku zote alibaki ukingoni akilinda nguo zetu. Nilijua, na nilinyamaza, kwa kuwa sikutaka kumwaibisha mbele ya wasichana. Imepita miaka mingi sasa. Mto ule ulitupa nafasi mbili za kusema, na sisi sote wawili tulizitupa kwa ajili ya haya. Lakini mto wenyewe hauoni haya, huchukua tu.

Chini ya mwembe pakawa kimya. Nikawaambia kwamba kabla ya kuchagua mto, kila mmoja aseme mbele ya wenzake jambo moja ambalo angependelea kulificha. Kama yuko asiyejua kuogelea, mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye mimba changa, au mwenye hofu tu ya maji, na aseme sasa, tungali juu ya mkeka. Hofu nayo ni habari, na kiongozi wa mashua anaihitaji kama anavyohitaji kujua uzito wa mizigo. Jaketi humwelesha hata asiyejua kuogelea, na wengi wasiojua wamepita salama. Lakini anayejulikana huketishwa mahali pake, hutazamwa, na huokotwa kwanza. Anayejificha huokotwa mwisho.

Muda ukapita. Kisha mwanangu, fundi mwenye mikono mipana, ambaye mama yake na mimi tuliamini alijifunza kuogelea shuleni, akainua macho. "Mimi sijui," akasema. "Nimekuwa nikidanganya tangu darasa la tano."

Hakuna aliyecheka. Binti wa daftari akasema, "Hata mimi sijui." Akafuata wa tatu, ambaye ana pumu na hakuwahi kumwambia hata msimamizi wake wa kazi. Katika watu wanane, watatu walikuwa wamekuja kuchagua safari ambayo si yao, na wenzao hawakujua.

Baada ya hapo uchaguzi haukuchukua hata robo saa. Zambezi iliahirishwa. Walichagua Jinja, siku moja tu ya maji, sehemu ya daraja la tatu, na mashua ya makasia kwa wale watakaotaka kuketi. Mwenye pumu ataonana kwanza na daktari, na daktari akikataa, yeye atasafiri nao vilevile na kuwa mpiga picha wa ukingoni, kwa gharama ya mfuko ule ule. Fedha iliyobaki imetengwa kwa kazi moja: kabla ya likizo, wawili wasiojua watafundishwa kuogelea.

Huenda yuko msomaji atakayesema kwamba vijana wangu wamechagua safari ndogo. Mimi nimewaona wakiichagua, na sidhani kwamba ni ndogo. Jana jioni mwanangu alinifuata nilipokuwa nikipalilia mihogo, akaniuliza kaburi la yule rafiki liko wapi. Nilimwonyesha njia kwa jembe. Akasema tutakwenda pamoja Jumapili, yaani leo. Basi wewe usomapo maneno haya, sisi tuko njiani kuelekea mtoni, kwa miguu, na hatutavuka.